Mgeni mwenye fedha kidogo kwenye maji ya moto ya Japani

Mtu atakaye kusafiri Japani huonywa mapema na rafiki zake. Wamwambia: zile nyumba za wageni za desturi ya kale, zilizojengwa penye chemchemi za maji ya moto, usizikaribie, ni za matajiri. Basi yeye hupeleka mzigo wake katika hoteli ya vyumba vyembamba karibu na stesheni ya gari moshi, hulala juu ya kitanda kama kilicho popote duniani, kisha hurudi kwao akisema kwamba ameiona Japani. Nasi tulionywa vivyo hivyo. Onyo lile ni nusu ya kweli tu, na leo twataka kusema habari za nusu ya pili.

Nyumba ya wageni ya namna hiyo Wajapani huiita riokani, na maji ya moto yatokayo ardhini huyaita onseni. Ziko riokani ambazo kwa usiku mmoja mtu hulipa yeni 30,000 au 50,000, hata kupita. Humo mtumishi aliyevaa kimono huleta chakula chumbani, visahani kumi na zaidi, kila kimoja na tonge lake dogo lililopambwa kwa jani, nawe humaliza bila kujua kama umekula au umetazama picha. Watu wengi wazijua hizo tu. Lakini nyuma ya barabara kubwa ziko nyumba ndogo za jamaa, zenye vyumba vitano, sita au kumi. Nyingine huitwa minshuku, yaani watu wa kawaida wanaokaribisha wageni nyumbani mwao. Nyingine ni za wale wajao kuoga kwa ajili ya afya, wakakaa siku nyingi na kujipikia wenyewe. Humo yeni 4,000 mpaka 6,000 kwa usiku zatosha pasipo chakula. Na palipo chakula cha jioni na cha asubuhi, mara nyingi bei haifiki 10,000 au yapita hapo kidogo tu. Sisi tulilipa 4,500 kila mtu, karibu dola 30 kwa kadiri ya fedha ya mwaka 2023. (Bei ya ndege hatuitaji. Juu ya ndege hatuna habari njema ya kuwapa.)

Hata hivyo tulikwenda na shaka. Kitu kikiwa rahisi, yaani kimepunguzwa mahali fulani, na mnunuzi hugundua baadaye. Je, hapa walipunguza nini? Walipunguza maji?

Tulikwenda Beppu, mji wa pwani katika kisiwa cha Kyushu, mkoa wa Oita. Hakuna mji mwingine wa Japani wenye chemchemi nyingi kama huo: zapita 2,000. Mtaa wa Kannawa uko juu kidogo, kwenye mteremko wa mlima unaotazama bahari. Huko mvuke hutoka katika mifereji ya njiani, katika mabomba marefu nyuma ya nyumba, na katika nyufa za kuta za mawe. Asubuhi ya baridi waweza kudhani kwamba kila mama wa mtaa ule anapikia arusi. Harufu yake ni ya yai lililochemshwa kupita kiasi. Siku ya pili pua huizoea.

Sisi wa Kongo tusishangae mno. Wasomaji wetu wa Rutshuru wayajua maji yachemkayo kule, ambayo hata kwenye ramani za Wazungu yameandikwa kwa jina tulilowapa sisi, May ya Moto. Na katika Katanga, mahali paitwapo Kiabukwa, mwaka 1952 maji ya moto ya ardhini yalitumiwa kutengenezea umeme, jambo ambalo wakati ule nchi chache sana duniani zilikuwa zimelijaribu. Moto wa chini ni mmoja. Wajapani wao wameujengea nyumba, wakaketi kando yake kwa karne nyingi: riokani iliyo ya zamani kuliko zote, Keiunkan katika mkoa wa Yamanashi, huhesabu mwanzo wake tangu mwaka 705.

Mwenzetu katika safari alikuwa kijana wa kwetu asomaye kule Beppu, kwa maana tangu mwaka 2000 mji ule una chuo kikuu chenye wanafunzi wa nchi nyingi. Yeye ajua Kijapani, nasi hatujui ila kuinama. Tulipokaribia nyumba yetu tulimwuliza polepole, “Mwanangu, watatupokea kweli?” Hatukuuliza bure. Tulikuwa tumekwisha kusoma habari za mji wa Otaru, upande wa kaskazini, ambako nyumba moja ya kuogea ilikuwa imebandika mlangoni tangazo la kukataza wageni wasio Wajapani. Watu watatu walishtaki. Mwaka 2002 mahakama ya Sapporo iliamua kwamba huo ni ubaguzi, ikaiamuru nyumba ile kumlipa kila mmoja yeni milioni 1. Kijana akacheka, akasema, “Baba, huyu mama wa hapa ogopa kitu kimoja tu: viatu.”

Mlango ulikuwa wazi wala hapakuwa na mtu. Kijana aliita kwa maneno ambayo sisi tungesema “Hodi”. Akatoka mama mmoja mwenye umri wa miaka sabini na kitu, amevaa aproni ya maua, akapiga magoti penye kizingiti akainama. Hakutazama nyuso zetu kwanza, alitazama miguu. Tukavua viatu pale chini, tukapanda kwenye sakafu ya mbao; naye papo hapo akavigeuza vile viatu, ncha zikatazama nje, tayari kwa siku ya kuondoka. Hata katika nyumba ya bei ndogo hilo halikuachwa.

Mambo ya viatu yana elimu yake. Katika ujia mtu huvaa sapatu za nyumba. Akifika penye mikeka huzivua, hukanyaga kwa soksi tu. Akiingia chooni huziacha mlangoni na kuvaa sapatu nyingine zinazokaa chooni siku zote. Sisi, wazee wenye mvi, tulitoka chooni tukatembea ujia mzima na sapatu za choo miguuni. Mama alipotukuta hakusema neno. Alizichukua, akazirudisha, akatuletea zetu. Tungalipenda afadhali atugombeze.

Chumba chetu kilikuwa cha mikeka sita, kwa maana huko hawapimi chumba kwa meta. Mkeka huo, tatami, wasukwa kwa majani ya mtete laini juu ya tandiko nene. Una urefu wa sentimeta 180 hivi, na upana ni nusu yake. Wanuka kama nyasi zilizokatwa jana. Hapana kitanda. Katika kabati la ukutani mlikuwa na magodoro membamba yaliyokunjwa, ndiyo futoni, na shuka zilizopigwa pasi, na mito iliyojazwa maganda ya nafaka. Palikuwa na meza fupi, majani ya chai, chupa ya maji ya moto, na televisheni iliyotaka sarafu ya yeni 100 ili ifungue macho. Tena palikuwa na nguo mbili za pamba zifananazo na kanzu iliyopasuliwa mbele: yukata. Hiyo huvaliwa kwa kupitisha upande wa kushoto juu ya wa kulia. Ukikosea ukapitisha wa kulia juu, umevaa kama maiti, kwa maana wafu ndio wavikwao hivyo. Tulikosea. Hapo mama hakunyamaza: alisogea mbio, akatuvuta pembe za nguo, akazigeuza, akacheka kwa kuficha kinywa.

Basi tukaanza kuona kilichopunguzwa. Katika riokani ya bei kubwa, wewe ukila, mtumishi hukutandikia. Hapa wajitandikia mwenyewe, na asubuhi wakunja mwenyewe. Choo ni kimoja kwa vyumba vinne. Kuta ni nyembamba, na mzee wa chumba cha pili alikoroma usiku kucha kama mashine ya kusaga. Chakula hakuna, ila jiko lipo. Mlango mkubwa hufungwa usiku saa nne, kwa maana mwenye nyumba naye hulala. Mambo hayo yote ni kazi ya mikono ya watu wengine, ndiyo iliyo ghali. Mgeni akiifanya kwa mikono yake, bei hushuka.

Na maji? Katika chumba cha kuvulia nguo palikuwa na karatasi yenye fremu ukutani. Kijana alitusomea: joto la chemchemi, aina ya chumvi, magonjwa yanayosaidiwa, na magonjwa ambayo mwenye nayo asiingie. Karatasi hiyo si pambo, ni amri ya serikali. Sheria ya mwaka 1948 yasema ni maji gani yaruhusiwayo kuitwa onseni: lazima yatoke ardhini na joto la digrii 25 au zaidi, au yawe na kimoja katika vitu 19 vilivyoandikwa katika sheria hiyo. Tena tangu mwaka 2005 mwenye nyumba alazimika kuandika kama ameongeza maji baridi, kama ameyapasha moto, kama yazungushwa na kutumiwa tena, kama yametiwa dawa. Amri hiyo ya pili ilikuja baada ya aibu ya mwaka 2004, ilipofunuliwa kwamba mahali palipojulikana kwa maji meupe, unga ulikuwa ukitiwa birikani ili weupe usipotee. Hapo twaona jambo la ajabu kidogo. Hoteli kubwa ina mabirika makubwa, na chemchemi haitoshi kuyajaza. Kwa hiyo mara nyingi huyazungusha maji yale yale. Nyumba ndogo iliyo karibu na chemchemi ina birika dogo, na maji mapya huingia mchana na usiku, ya zamani yakamwagika ukingoni. Mgeni wa yeni 4,500 aweza kuoga maji mema kuliko mgeni wa yeni 40,000. Si kila mahali, lakini karatasi ipo. Aisome, au asomewe.

Sasa twende majini. Twajua kwamba wengi wa wasomaji wetu watauliza kwanza neno la haya, nasi hatutaliruka. Ndiyo, huko watu huoga uchi. Lakini wanaume wana birika lao na wanawake lao; mlangoni hutundikwa kitambaa, mara nyingi cha samawi kwa wanaume na chekundu kwa wanawake. Mtu asiyesoma asitumaini mazoea ya jana, kwa maana nyumba nyingine hubadilisha: birika la wanaume leo huwa la wanawake kesho. Zimebaki nyumba chache ambamo wote huingia pamoja kwa desturi ya kale. Iliyo mashuhuri ni Sukayu, milimani katika Aomori, yenye ukumbi mkubwa wa mbao. Asiyetaka, asiende huko, hakuna anayemlazimisha. Tena nyumba nyingi ndogo zina chumba cha kuogea ambacho jamaa au mtu peke yake hujifungia kwa ndani, mara nyingi bila malipo ya ziada. Mwenye haya aulize hicho.

Sisi tuliingia na wanaume wengine watatu, wazee. Tulikuwa na kitambaa kidogo mkononi, na moyo ukidunda. Hakuna aliyetutazama. Au tuseme walitutazama mara moja, kama mtu atazamavyo mlango ukifunguka, kisha wakarudia kazi zao. Hatujui mahali pengine ambapo mwili wa mtu umetazamwa kidogo namna ile. Mkurugenzi, mvuvi, mwalimu aliyestaafu: mle ndani huwezi kumbagua mmoja na mwingine.

Kabla ya kuingia birikani mtu huoga kabisa. Neno hili ndilo la kwanza na la mwisho. Wewe hukalia kigoda kidogo kifupi mbele ya bomba, huchukua beseni, hujipaka sabuni tangu kichwa mpaka vidole vya miguu, hujisugua, hujimwagia maji mpaka povu lote limekwisha, hata kwenye kigoda chenyewe, ili mwenzako asikute uchafu wako. Ndipo waingia. Birikani hakuna sabuni, hakuna kufua, hakuna kupiga mbizi, wala kitambaa hakigusi maji. Kwa maana birika si mahali pa kujisafisha: ni maji ya watu wote, na kila mmoja huyaingia akiwa amekwisha kuondoa chake. Tulipokuwa watoto mtoni tulifundishwa kwamba achotaye maji ya kunywa husimama juu, na afuaye husimama chini. Ni shauri lile lile.

Hata hivyo tulikosea tena. Kwa haya tulishuka majini tumekishika kitambaa mbele yetu, nacho kikazama. Mzee mmoja alikohoa kidogo. Akakitwaa kitambaa chake mwenyewe, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kichwa chake kilichonyoka upara, akafumba macho. Hakutunyoshea kidole. Tukakitoa chetu, tukakikamua nje, tukakiweka kichwani kama yeye. Maji yalikuwa ya digrii 42 hivi: dakika ya kwanza utataka kukimbia, dakika ya pili wasema afadhali, ya tatu wamsahau aliyekudai fedha. Kisha mzee alifumbua jicho moja, akasema neno, na kijana akatugeuzia: “Anauliza, kwenu kuna maji kama haya?” Tukamwambia yapo, na jina lake ni maji ya moto tu. Akacheka mpaka kitambaa kikaanguka.

Neno moja la kuangalia. Nyumba nyingi huwakataza watu wenye michoro ya wino mwilini, kwa sababu huko michoro hiyo ilikuwa alama ya magenge ya wahalifu. Lakini sheria ya nyumba haichagui: mwaka 2013, katika Hokkaido, mwanamke wa Kimaori wa Nyuzilandi alikataliwa kwa ajili ya chale za kimila zilizo usoni pake. Wazee wetu wenye chale za kabila waulize mapema, kwa maandishi, wasije wakaaibishwa mlangoni. Nyumba ndogo nyingi hazina neno.

Jioni tulishuka jikoni. Kannawa hawapiki kwa kuni wala kwa umeme. Nyuma ya nyumba palikuwa na matanuri ya mawe yenye vifuniko vya mbao, na chini ya kila moja bomba la mvuke wa ardhi, wenye joto karibu digrii 100. Hiyo Wajapani huiita kupika kwa mvuke wa jehanamu, kwa maana mashimo yachemkayo ya Beppu tangu zamani yaliitwa jehanamu. Wewe hupanga viazi vitamu, kabichi, mayai, samaki na nyama ya nguruwe katika kitunga cha mianzi, huvaa glavu nene, hushusha kitunga, hufungua bomba, hufunika. Yai ni dakika kumi hivi. Kiazi kikubwa nusu saa na zaidi. Chumvi ya mvuke huingia yenyewe. Hakuna anayelipia kuni, na ndiyo sababu nyingine ya ile bei ndogo.

Pale tanurini tulimkuta bibi mmoja, mgonjwa wa magoti, ambaye amekuja kukaa siku saba. Alituonyesha jinsi ya kupanga mboga juu na nyama chini, kisha akachukua viazi vyetu viwili bila kuuliza na kutupa nusu ya samaki wake. Alisema kwamba mama yake alikuwa akija hapa kwa mashua. Kijana hakuamini, akadhani amesikia vibaya. Lakini ni kweli ijulikanayo: zamani wakulima na wavuvi wa ng’ambo ya bahari ya ndani walikuja Beppu kwa mashua zao, wakazifunga bandarini, wakalala humo humo na kupanda mjini kuoga. Walikuja na mchele wao na miso yao, kazi ya shamba ilipopungua.

Desturi hiyo ya kukaa kwa ajili ya mwili huitwa toji. Hesabu yake ya zamani ilikuwa siku saba mara moja, na mwenye ugonjwa mzito mara tatu, yaani juma tatu. Mkulima aliyeinama matopeni kupanda mpunga, na kuinama tena kuvuna, hakuhesabu siku hizo kuwa anasa. Zilikuwa kama kunoa jembe. Hata wamonaki walishughulika na jambo hilo: mapokeo ya Kannawa yasema kwamba monaki Ippen wa dini ya Buda alifungua pale chumba cha mvuke mwaka 1276, na mpaka leo watu hulala humo juu ya majani yenye harufu nzuri. Lakini wanafunzi wasifikiri kwamba maji huponya kila kitu. Ile karatasi ya ukutani huwaonya wenye moyo dhaifu na wenye homa. Tena mtu wa pupa aogaye mara nyingi kwa siku huugua kwa maji yenyewe: kichwa chazunguka, tumbo lachafuka. Mara mbili au tatu zatosha, na kati yake anywe maji, apumzike.

Mbele ya stesheni ya Beppu imesimama sanamu ya mzee aliyeinua mikono yote miwili kama mtoto ashangiliaye. Ni Aburaya Kumahachi, aliyezaliwa mwaka 1863. Alitajirika kwa biashara ya mchele katika Osaka, akafilisika, akaenda Marekani, akabatizwa huko. Mwaka 1911 alianza nyumba ya wageni hapa Beppu, ndogo sana, naye ndiye aliyefanya jina la mji huu lijulikane nchi nzima, mpaka kufa kwake mwaka 1935. Shauri lake la kazi alilitoa katika Waraka kwa Waebrania, palipoandikwa juu ya kuwapokea wageni. Tulifurahi kulisikia, tukamwambia mama mwenye nyumba. Akajibu kwamba yeye si Mkristo, ila mzee huyo alisema sawa.

Usiku wa pili, kijana akiwapo kutugeuzia maneno, mama alituambia habari zake. Nyumba ameipokea kwa mama mkwe. Mume wake amefariki. Watoto wawili wako mijini na kazi zao. Ni watoto wema, hupiga simu kila Jumapili, lakini hawatarudi kusugua mabirika saa kumi na moja ya alfajiri. Yeye hupokea simu, hufua shuka, husafisha vyoo, hupokea wageni, peke yake. Mabomba ya maji ya moto huliwa na chumvi na lazima yabadilishwe, na fundi hana huruma. “Nikipandisha bei,” alisema, “yule bibi wa magoti hataweza kukaa siku saba. Nisipopandisha, siwezi kununua bomba.”

Si yeye peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani ilikuwa na riokani karibu 80,000. Kufika mwaka 2018 hazikufika 40,000. Zile kubwa zilizofungwa huandikwa katika magazeti. Ndogo hufungwa bila kelele: siku moja tangazo la mlangoni laondolewa, na mvuke waendelea kutoka nyuma ya nyumba tupu.

Kwa hiyo atakayefuata njia hii na ajue mambo machache ambayo kwa mwenye nyumba ni makubwa. Aagize chumba mapema, na asipokuja atoe habari, kwa maana katika nyumba ya vyumba sita chumba kimoja kitupu ni mshahara wa siku. Asije Jumamosi, wala mwanzo wa mwaka, wala mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, wala katikati ya Agosti. Siku hizo bei yapanda hata katika nyumba ndogo, na Wajapani wenyewe ndio wajao. Aje wawili, kwa maana anayelala peke yake mara nyingi hulipishwa zaidi au hukataliwa. Awe na fedha taslimu. Bakshishi asitoe, itamtia mama fadhaa. Kodi ya kuoga atadaiwa mbali, kwa kawaida yeni 150 kwa siku, ijapokuwa kila mji una kadiri yake.

Asubuhi ya tatu tulikunja magodoro yetu, tukayapanga kabatini kama tulivyoyakuta, ila si kwa uzuri ule. Mama aliandika hesabu kwa mkono: siku mbili, watu wawili, yeni 18,000, na kodi. Viatu vilikuwa pale pale, ncha nje. Yule bibi alikuwa tanurini. Aliinua kitunga kutuaga. Kijana alimwuliza mama kama mwaka ujao nyumba itakuwa wazi, kwa maana rafiki zake wa chuo wataka kuja wakati wa likizo. Mama akasema atazame kwanza habari ya bomba. Akaingia ndani, akarudi na viazi viwili vilivyofungwa katika gazeti, akatutia mkononi, akainama. Tulipofika penye kona tukageuka, alikuwa angali ameinama. Viazi tulivila katika basi, vingali na moto.